Harufu ya Tofali Lililoiva

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Sijatia chumvi hata punje. Mke wangu amesoma mstari huu akaenda zake jikoni akicheka peke yake, lakini kicheko si ushahidi. Nimefyatua matofali miaka thelathini na minane, nimestaafu nikiwa na mgongo ulionyooka kama fito, na kifua changu ni kizima kama ngoma mpya. Sijakohoa tangu nizaliwe. Mtu wa namna hiyo adanganye ili apate nini?

Uongo nimesema mmoja tu maishani, na ndio huo ninaotaka kuusimulia. Ulitoka kinywani mwangu ukiwa mzaha mchanga, haujaota hata meno. Ukaenda zake, ukakua, ukaota ndevu, na baada ya miaka kumi na tisa ukarudi kunibishia hodi.

Ilikuwa siku ya mvua. Mvua ikinyesha kazi yetu hulala. Matofali mabichi tunayafunika nailoni, udongo shimoni unageuka uji, na watu wazima wanane wanabanana chini ya banda la bati wakitazamana kama kuku walionyeshewa. Mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu, na fundi mkuu asiyeweza kuchangamsha banda siku ya mvua hana ukuu wowote. Nikawasimulia habari za mchomaji mmoja wa zamani, aliyekuwa hodari kuliko wote, ambaye siku moja alisikia baridi akajifunga kitambaa puani wakati tanuru linawaka.

Nikawaambia kwamba tofali likiiva hutoa harufu yake, na mchomaji hujua kwa pua. Sasa yule bwana pua ameifunga. Harufu ikaja, ikapita, ikaenda zake. Moto ukaendelea kula. Aliposhtuka, matofali elfu nane yalikuwa yameyeyuka na kushikana yakawa tofali moja, kubwa kama nyumba. Walijaribu kulivunja kwa nyundo siku kumi, nyundo zikapinda. Mwisho wakakata tamaa, wakalitoboa mlango na madirisha mawili, na yule bwana anaishi humo mpaka leo na mkewe na watoto saba. Hata mabati hakununua.

Banda zima lilicheka mpaka mtu mmoja akamwaga chai yake. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, kijana mgeni, mdogo wake mke wangu, ambaye nilikuwa nimemleta kazini wiki ile ile. Alikaa ameshika magoti, ananitazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu.

"Kwa hiyo shemeji," akauliza, "tofali likiiva linanukaje?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema natania. Lakini watu saba walikuwa wamenikodolea macho, na mvua ilikuwa bado inapiga bati. Nikajishika ndewe ya sikio, nikafikiri kidogo, nikasema, "Kama tone la mvua juu ya bati la moto."

Basi. Shemeji yangu aliyapokea maneno yale kama wosia. Baadaye alipopewa kazi ya kuchoma, alikuwa anasogeza uso kwenye tundu la tanuru, lile tunaloacha ubavuni ili kuchungulia moto, anavuta pumzi hadi mabega yanapanda, halafu anasema bado, au anasema zibeni, maana limeiva. Na kweli, matofali yake yalitoka mazuri. Ukiyagonganisha mawili yanalia kama kengele. Tofali bichi husema *pu*, kama mtu aliyekaa kwenye godoro. Watu wakaanza kumwita Pua. Wachomaji waliokuja baada yake aliwafundisha vile vile, na ikawa sheria ya kiwanda chetu: mchomaji hafuniki uso, na kwa kuwa mchomaji hafuniki, hakuna anayefunika, isije ikaonekana wengine wana pua za kifalme.

Nami nikanyamaza. Sheria ilikuwa imekwisha simama kwa miguu yake, na kusema kweli ilinipendeza. Si kila mtu husema neno siku ya mvua likawa elimu.

Kuchoma tanuru, kwa asiyejua, ni hivi. Matofali makavu yanapangwa moja juu ya jingine mpaka yanakuwa kama kijumba, chini yanaachwa mashimo matatu ya kutia kuni, na nje linakandikwa tope ili joto lisitoroke. Unawasha, na kwa siku mbili au tatu hutoki. Joto linakukaanga upande mmoja na upepo unakupoza wa pili. Kuni zikiwa mbichi tulikuwa tunachanganya na tairi kuukuu, moshi wake mweusi kama wino. Kisha tanuru linapoa wiki nzima, halafu mnalipakua, na hapo moshi unapokezana kazi na vumbi. Majivu na unga wa matofali vinapanda, watu wote mnageuka rangi moja, na mkirudi nyumbani wake zenu wanawatambua kwa sauti. Dawa yetu ilikuwa maziwa. Kila aliyepakua alipewa kikombe cha maziwa, tukiamini yanateleza na vumbi lote mpaka tumboni. Hili la maziwa, naapa, si mimi niliyelianzisha.

Mwaka jana Pua akaanza kukohoa. Mwanzoni kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno kikaoni. Kisha kikohozi kikahamia kabisa. Alikuwa anakuja kwetu Jumapili kunywa chai, na kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu ni hatua arobaini za mwinuko mdogo. Akaanza kusimama katikati, akijifanya anatazama maua ya mke wangu. Ndugu yangu yule hajawahi kupenda ua hata moja. Mkewe akamwambia mke wangu kwamba siku hizi analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na akilala chali anahema kama aliyekimbizwa.

Mke wangu ndiye aliyemlea Pua baada ya mama yao kufariki. Akamwambia aende zahanati. Pua akasema ni masizi tu, atakunywa maziwa. Akamwambia tena, akasema baada ya tanuru hili. Na tanuru hili likiisha kuna lile.

Siku moja muuguzi wa zahanati akaja mwenyewe kiwandani, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, amebeba boksi la barakoa nzito za kazi. Akazunguka polepole bila kusema sana. Alitazama miguu ya wakanyaga udongo, iliyochanika kwa kushinda majini. Alimshika mfyatuaji mmoja mkono, akamwambia aunyooshe mgongo, mfyatuaji akacheka akasema huo mgongo aliuacha shimoni zamani. Kisha akatukalisha akatueleza kwamba maziwa ni chakula kizuri ila yana njia yake na pumzi ina njia yake, hayakutani. Lile vumbi laini tusiloliona linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na halina habari ya kutoka. Akasema tuache tairi, tusimame upande unakotoka upepo, tunyunyize maji kabla ya kupakua, na tuvae barakoa.

Watu wakazipokea kwa adabu. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama zinaweza kuchuja chai. Pua alipofikiwa akakunja mikono.

"Dada, nashukuru," akasema. "Lakini mimi nikifunika pua, hili tanuru litakuwa tofali moja."

Muuguzi akauliza ni nani aliyesema hivyo. Vichwa vyote viligeuka polepole kunitazama, pamoja na cha mke wangu, aliyekuwa ameniletea dawa ya magoti. Nilikuwa nimekaa zangu kwenye rundo la matofali mabovu, mstaafu aliyekuja kusalimu.

"Umemwambia nini mdogo wangu?" mke wangu akauliza.

Nikasimama, nikakiri. Nikasema ile hadithi niliitunga siku ya mvua ili watu wacheke, hakukuwa na mchomaji wala nyumba ya tofali moja, na tofali likiiva halinuki chochote. Nilisema kweli tupu mbele ya watu kumi na wawili, jambo ambalo sikuwa nimelizoea, na sikio likaniwasha kwa wasiwasi. Nikalishika.

Wakaangua kicheko. Mfyatuaji wa mgongo akasema mzee anamwogopa muuguzi. Mwingine akasema yeye hiyo nyumba ya tofali moja anaifahamu, binamu yake aliwahi kupanga chumba. Na Pua, aliyekuwa ananitazama kwa upole wote wa duniani, akasema, "Shemeji, ukidanganya mimi nakujua. Unashika sikio."

Fikiria masaibu hayo. Uongo wangu waliuamini miaka kumi na tisa. Ukweli wangu haukumaliza hata dakika.

Usiku ule mke wangu hakusema neno, na mke wangu asiposema neno huwa anapanga kitu. Asubuhi akanitangulia kiwandani. Nilipofika alikuwa amekwisha kuyamaliza na Pua, limebaki kunijulisha tu. Tanuru lililokuwa limepangwa nitalichoma mimi, nimevaa barakoa mwanzo hadi mwisho. Matofali yakitoka yanalia kama kengele, Pua ataacha ubishi na kwenda kupimwa kifua. Yakiyeyuka, asisumbuliwe tena.

"Na akiishusha barakoa?" Pua akauliza.

"Sema wewe," dada yake akamjibu.

Pua akafikiri. "Akiishusha hata mara moja, naye aende akapimwe. Hicho anachoita kicheko kina makohozi ndani."

Nikasema sawa, mara moja, kwa sababu sikuwa na nia ya kushindwa. Na pia, kuhusu kicheko changu, pale juu nimeandika kwamba sijakohoa tangu nizaliwe. Tuache hapo kwanza.

Nikawasha. Niliweka kuni kavu tupu, tairi nikazivingirisha mbali, nikahamisha kiti changu upande wa upepo kila upepo ulipohama. Wafyatuaji wawili walinipokea zamu nilipolala. Pua alikaa chini ya banda, mbali na moshi, kwa amri ya dada yake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona tanuru likiwaka naye hana kazi. Alikuwa anakohoa, ananyamaza, anakohoa. Nilijikuta nahesabu mapumziko kati ya kikohozi na kikohozi kama mtu anavyohesabu kati ya radi na radi.

Siku ya kwanza moshi ulikuwa mweupe na mzito, maji yanaondoka kwenye udongo. Siku ya pili ukawa mwembamba. Ndani ya tundu rangi ikapanda kutoka weusi hadi wekundu wa damu, kutoka wekundu hadi rangi ya chungwa. Juu ya tanuru pakaanza kushuka, nikapima kwa mkono: nusu ya kiganja. Likishuka kiganja kizima limeiva. Hayo alinifundisha fundi wangu wa kwanza, mtu asiyejua hadithi hata moja, na labda ndiyo maana hakuna anayemkumbuka.

Yote hayo niliyajua. Lakini alasiri ya siku ya tatu nimesimama mbele ya tundu, jasho linachuruzika ndani ya barakoa, tanuru limeshuka kiganja au labda bado kidole kimoja, nikaingiwa na jambo la ajabu. Nikaogopa. Nililiona lile tofali moja, kubwa kama nyumba. Nikaona mlango wake na madirisha yake mawili. Miaka kumi na tisa nimewasikia watu wazima wakiapa kwa harufu ile, nimemwona Pua akiinusa na kupatia kila mara, na mimi mwenyewe, mwenye uongo wangu, nikasema moyoni: vipi kama ipo?

Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Banda lilikuwa tupu. Nikaishusha barakoa hadi kidevuni, nikasogeza uso tunduni, nikavuta pumzi ndefu.

Kilichofuata si kitu cha kujivunia. Nilikohoa mpaka nikashika magoti, macho yananitoka machozi, kifua kinafungua na kufunga kama mlango mbovu. Na sikuweza kukoma. Nilipoinua kichwa, Pua alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ameshika kikombe cha maji. Nyuma yake dada yake.

Nilingoja wanicheke. Hawakucheka. Pua akanipa maji, nikanywa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Umenusa nini, shemeji?"

Sasa angalia nilipokuwa. Ningesema nimenusa tone la mvua juu ya bati la moto, ningebaki mwalimu. Kiwanda kizima kingenipigia makofi. Na Pua angerudi tunduni kesho yake, na mito ile mitatu ingekuwa minne. Nikaishusha mikono yote miwili, nikaikaza mapajani ili aione.

"Moshi," nikasema. "Moshi tu, ndugu yangu. Hakuna kingine humo. Hakijawahi kuwemo."

Akaitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini, palepale kwenye majivu, kama aliyetua mzigo.

"Mimi mwaka wa nne huu sisikii harufu ya kitu," akasema. "Hata sabuni. Hata mafuta ya taa. Nilidhani nimeiharibu pua kwa uzembe wangu. Nikawa nasogea pale navuta pumzi ili watu wasijue, halafu naangalia rangi na kupima juu kwa kiganja. Sasa Pua asiyenusa mtamwita nani?"

Dada yake akachuchumaa akamshika bega. Tanuru lilikuwa linaguguna kuni zake taratibu. Nikajua basi kwamba hadithi ile haikumfunga kwa kumtia hofu tu; ilimpa jina, na jina ndilo alilokuwa analivutia moshi. Nikatafuta neno la kumwambia. Mimi, mwenye maneno ya kumchosha kasuku, nikakosa. Mwisho nikasema ajaribu kupima kile kiganja, maana macho yangu ya uzee hayaoni vizuri. Akasimama, akaweka mkono juu ya ukingo wa tanuru, akapima.

"Zibeni," akasema.

Nikapandisha barakoa yangu. Yeye akafunga ile ambayo dada yake alikuwa ameibeba mfukoni mwa gauni siku zote tatu. Tukaziba mashimo kwa matofali na tope, bega kwa bega.

Baada ya wiki tukapakua. Tulimwagia maji kwanza, kwa ndoo na kopo lililotobolewa matundu, na vumbi likalala kama mbwa aliyekemewa. Pua ndiye aliyechukua matofali mawili ya kwanza, akayagonganisha mbele ya wote. Yakalia kama kengele. Akachukua ya katikati, akachukua ya pembeni, yote yakalia. Yule mwenye binamu akaniuliza, kama ile nyumba haipo, sasa binamu yake atapanga wapi.

Kwa hiyo mimi nilishindwa kwa kuishusha barakoa, Pua alishindwa kwa matofali kulia, na aliyeshinda ni mke wangu peke yake. Jumatatu akatuvalisha mashati safi na kutupeleka zahanati wote wawili, yeye katikati, kama anavyopeleka watoto chanjo.

Pua aliingia kwanza, akakaa huko ndani sana. Alipotoka alikuwa na karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupigwa picha ya kifua, na amri ya kutosogelea tanuru wala vumbi mpaka majibu yarudi. Muuguzi alimwambia wazi kwamba yaliyokwisha haribika huenda yasirudi, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa. Pua alitusimulia hayo ameketi kwenye benchi kati yetu, kwa utulivu, akiikunja na kuikunjua ile karatasi. Akasema atahamia kwenye kufyatua, na atawafundisha wachomaji kiganja na rangi. Kisha akanitazama.

"Zamu yako, shemeji."

Nikasema naona foleni ni ndefu, wenye shida zaidi watangulie. Foleni ilikuwa ya mtu mmoja, na ni mimi. Mke wangu akanisukuma mlangoni.

Muuguzi akanikalisha kwenye kiti, akaniambia nifungue vifungo vya shati. Kile chuma chake cha kusikilizia kilikuwa cha baridi. Akauliza kama nakohoa, nikasema mara chache, kwa adabu tu. Akauliza tangu lini.

"Tangu juzi, mwanangu," nikasema. "Moshi ule wa tanuru."

Mlango ulikuwa wazi. Mke wangu aliingia bila kubisha, akanishika mkono wa kulia, akaushusha kutoka sikioni hadi kwenye goti, na akabaki ameushika hapo.

"Miaka sita," akasema.

Muuguzi akaandika sita. Akaniambia nivute pumzi ndefu, nishikilie. Nikavuta.